Daktari bingwa wa wazee anasomea nini hasa?

Kambi ya madaktari bingwa inapotangazwa katika hospitali ya wilaya, iwe Makete, Mbozi au Rungwe, tangazo husomeka karibu vilevile: bingwa wa watoto atakuwepo, wa wanawake na uzazi atakuwepo, wa upasuaji na wa magonjwa ya ndani pia. Mtu aliyemleta bibi yake kutoka kijijini anauliza, "Na wa wazee je?" Mara nyingi huelekezwa dirisha la wazee. Mkanganyiko huanzia hapo, maana dirisha la wazee na daktari wa wazee ni vitu viwili tofauti kabisa.

Dirisha ni utaratibu wa foleni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kutokana na msimamo huo tumepata vibao vya "Mzee Kwanza" na msamaha wa gharama kwa wazee wasiojiweza. Ni jambo jema, lakini mzee akishapita dirishani anaonwa na daktari yuleyule anayemwona kijana wa miaka 25, kwa maswali yaleyale na pengine kwa dozi ileile. Tiba ya wazee, ambayo kitaalamu huitwa jeriatria, ni fani ya udaktari inayosomewa kama vile tiba ya watoto inavyosomewa. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1909 na Ignatz Nascher, daktari wa New York, aliyeona kwamba kama utoto una madaktari wake, uzee nao unastahili wake.

Tunyooshe na majina ya watoa huduma, kwa sababu kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari. Tabibu amesoma stashahada. Daktari amesoma shahada ya udaktari miaka 5, kisha akafanya utarajali wa miezi 12 akizunguka wodi chini ya usimamizi, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika likamsajili kikamilifu. Bingwa ni daktari aliyerudi chuoni kwa shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka 3, katika fani kama magonjwa ya ndani au upasuaji. Bingwa bobezi ni bingwa aliyeendelea mbele tena, miaka 2 au zaidi, katika tawi moja la fani yake: moyo, figo, mishipa ya fahamu. Tiba ya wazee ipo kwenye ngazi hii ya mwisho. Ni tawi la magonjwa ya ndani.

Kwa hiyo njia ni ndefu. Nchini Uingereza, ambako fani hii ina mizizi mirefu, mhitimu wa udaktari hufanya miaka 2 ya mafunzo ya msingi, 3 ya magonjwa ya ndani, kisha 4 ya tiba ya wazee inayokwenda sambamba na magonjwa ya ndani kwa jumla. Jumla ni miaka 9 baada ya chuo. Marekani wamefupisha: miaka 3 ya magonjwa ya ndani au tiba ya familia, halafu mwaka 1 wa tiba ya wazee.

Miaka yote hiyo inakwenda wapi, ilhali mwili wa mzee una moyo, mapafu na figo kama wa mtu mwingine?

Lori la kupanda Kitonga

Chukua malori mawili, moja jipya na moja la miaka 30. Kwenye tambarare ya Usangu, kati ya Igawa na Chimala, yote mawili yanakwenda, na mtu aliyeketi kando ya barabara asione tofauti. Yapeleke Kitonga yakiwa yamebeba shehena. Jipya litapanda. La zamani litachemsha maji, na likichemsha maji breki na gia nazo zitaanza kusumbua.

Mwili wa kijana una akiba ya nguvu: figo zake zinaweza kufanya kazi zaidi ya mahitaji ya kila siku, moyo vivyo hivyo, ubongo vivyo hivyo. Kadiri miaka inavyokwenda akiba hupungua, ingawa siku za kawaida haionekani. Mzee anakwenda shambani, anakwenda kanisani au msikitini, anasonga ugali. Kisha kinakuja kilima kidogo, kama mkojo mchafu au siku mbili za kuhara, na mtu mzima anaanguka chini. Hali hii ya akiba kuisha tuiite unyonge wa uzee. Haitegemei umri pekee. Kuna mtu wa miaka 88 pale Tukuyu anayelima bustani yake ya mboga, na kuna wa miaka 64 asiyeweza kuvuka barabara ya Mwanjelwa bila kushikwa mkono. Huyu wa pili ndiye anayemhitaji zaidi daktari wa wazee.

Jambo la pili ambalo mwanafunzi wa ubobezi hujifunza ni kwamba ugonjwa wa mzee hausemi jina lake. Nimonia ya kijana huja na homa kali, kikohozi na kichomi. Nimonia ya bibi wa miaka 82 inaweza kuja bila kikohozi wala homa, ila "tangu juzi hataki kula na anaongea vitu visivyoeleweka". Joto lake likifika 37.8, au likipanda kwa nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kawaida, hiyo tayari ni homa, hata kama kipimajoto hakijafika 38 tunayoisubiri. Shambulio la moyo linaweza kuja bila maumivu ya kifua, likawa uchovu tu na kukosa pumzi. Madaktari wa fani hii huzungumzia milango michache ambayo magonjwa mengi ya wazee hutokea: kuanguka, kushindwa kutembea, kushindwa kuzuia haja, na akili kuvurugika. Anayesomea ubobezi hufundishwa kuuona mlango na kuanza kuulizia nyumba nzima.

Wiki mbili kabla

Swali la kwanza kabisa katika idara ya wazee ni dogo, na lina uzito kuliko vipimo vingi: huyu mzee alikuwaje wiki mbili kabla ya kuugua?

Kuna kipimo cha unyonge chenye ngazi 9. Ngazi ya 1 ni mtu mwenye nguvu kuliko wenzake wa rika lake. Ya 5 anaanza kuhitaji msaada kwa mambo kama fedha, safari na kazi nzito. Ya 6 anahitaji kusaidiwa kuoga. Ya 7 anategemea wengine kwa kila kitu cha mwili wake. Kosa linalofanywa na wanaoanza ni kumpa mzee ngazi kwa jinsi wanavyomwona leo kitandani. Leo kila mgonjwa mahututi anafanana na ngazi ya 7 au ya 8. Lakini yule aliyekuwa akichota maji mwenyewe wiki mbili zilizopita ana uwezekano mkubwa wa kurudi alikokuwa, na anastahili kupiganiwa hivyo, wakati yule ambaye amekuwa akishuka ngazi mwaka mzima anahitaji mazungumzo ya aina nyingine na familia yake. Ukikosea swali hili, kila kinachofuata kimekosewa.

Huku Nyanda za Juu Kusini swali hilo halitafsiriki kirahisi kutoka vitabuni. Kitabu kinauliza kama mzee anaweza kupiga simu, kulipa bili na kwenda dukani. Kwa bibi wa Ludewa unauliza kama bado anapalilia, kama anabeba kuni kichwani, kama anapika mwenyewe au amehamia kula kwa mkwe, na tangu lini. Umri wenyewe una kazi yake. Wengi hawajui mwaka waliozaliwa, na ule ulioandikwa kwenye kadi ulikisiwa. Daktari hutafuta nguzo za historia. Uhuru wa 1961 ulimkuta ameolewa au bado msichana? Reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, 1970 hadi 1975, alikuwa na watoto wangapi? Kwa nguzo mbili tatu umri hupatikana kwa karibu sana.

Kuchanganyikiwa ghafla na kusahau polepole

Kama kuna eneo moja ambapo mafunzo haya yanaokoa watu waziwazi, ni hapa, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Watu huchanganya hali mbili. Ya kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ghafla: mzee aliyekuwa mzima wa akili jana au wiki iliyopita, leo hajui alipo, anaona watu wasiokuwepo, usiku anahangaika na mchana analala, au amekuwa kimya kupita kiasi. Huja kwa saa au siku, hupanda na kushuka. Ya pili ni demensia, ambayo huja kwa miezi na miaka: kurudia swali lilelile, kupotea njia aliyoizoea, kushindwa kupanga hatua za kupika chai. Ya kwanza ni dharura. Ndani yake kuna sababu inayotafutwa na mara nyingi inatibika. Ya pili huhitaji uangalizi wa muda mrefu.

Mzee mwenye demensia anaweza kupata na ile ya ghafla juu yake, na hapo ndipo anapokosewa zaidi, kwa sababu kila mtu anasema "ndivyo alivyo". Mwanafunzi wa ubobezi hufundishwa kutoamini sentensi hiyo mpaka amepitia sababu kwa utaratibu: maambukizi, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, chumvi za damu, oksijeni, maumivu ambayo mzee hasemi, dawa mpya, kibofu kilichojaa mkojo usiotoka, choo kilichogoma kwa siku tano. Hizo mbili za mwisho hupatikana kwa mkono juu ya tumbo na kwa kuuliza, bila mashine yoyote. Zinasahaulika kila siku.

Kupima akili ya mzee nako kuna mitego. Vipimo vingi vya kigeni humtaka mtu ataje miezi kinyumenyume au achore saa. Mzee asiyewahi kushika kalamu atafeli hata kama akili yake ni kali. Ndiyo maana kazi iliyofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ina thamani kubwa: watafiti walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa ajili ya watu ambao hawakusoma, na badala ya kuchora, mzee hupewa njiti za kiberiti apange umbo alilooneshwa. Lugha nayo ni lazima. Bibi aliyeishi maisha yake yote kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kikinga, ukimhoji kwa Kiswahili cha haraka cha hospitalini, unapima Kiswahili chake. Anza na "Ugonile" au "Kamwene", mtafute mkalimani, na kabla ya yote chungulia masikio. Nta iliyoziba masikio imewapa wazee wengi jina la kusahau wasilostahili.

Kuna utafiti mwingine wa hukohuko Hai wa mwaka 2010, uliokuta takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia. Ugeuze upande wa pili: zaidi ya 90 hawana. Kusahau kunakovuruga maisha si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na mtu anayesema "amerudia utoto" amefunga faili kabla halijafunguliwa. Mbaya zaidi, tabia zinazoletwa na magonjwa haya, kama kuzurura usiku, kuongea peke yake au kuingia nyumba ya jirani, zimewahi kuwaletea bibi zetu tuhuma za uchawi. Daktari anayeweza kueleza kwa familia kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, na kuwaonyesha unavyokwenda, anamlinda mgonjwa wake kwa namna ambayo hakuna kidonge kinachoweza.

Mfuko wa dawa

Katika idara ya wazee, mgonjwa huombwa aje na mfuko wenye dawa zote: za hospitali, za duka la dawa, za jirani, na mitishamba. Zinamwagwa mezani na kuulizwa moja moja, inatibu nini, ilianza lini, nani aliiandika.

Sababu ni figo. Maabara hupima kreatinini, taka ya mwilini inayosafishwa na figo, kwenye damu na kuandika namba. Chukua namba ileile, 1.1, kwa watu wawili. Kijana wa miaka 25 mwenye kilo 70: ukitumia hesabu inayochanganya umri, uzito na jinsia, figo zake zinasafisha mililita 100 hivi kwa dakika. Bibi wa miaka 80 mwenye kilo 45: mililita 29. Karatasi ya majibu imesema "kawaida" kwa wote wawili. Sababu ni kwamba kreatinini hutoka kwenye misuli, na bibi hana misuli mingi ya kuizalisha. Dozi ya kijana kwake ni sumu ya polepole.

Halafu kuna mnyororo. Mzee anapewa amlodipini kwa ajili ya presha, miguu inavimba. Anarudi, uvimbe unaonekana kama ugonjwa mpya, anaandikiwa furosemidi ya kukojoza. Anaamka mara nne usiku, nje kuna baridi ya Julai na choo kiko uani, anaanguka. Sasa ana maumivu, ananunua diklofenaki, presha inapanda na tumbo linachomeka. Dawa ya kwanza ingebadilishwa, yote hayo yasingekuwepo. Anayesomea fani hii hufundishwa kwamba kila dalili mpya kwa mzee ni madhara ya dawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kufuta dawa ni tiba sawa na kuandika.

Kuna dawa chache za kawaida sana madukani ambazo humpa shida mzee: diazepamu ya usingizi, prometazini na klofeniramini za mafua na mzio, amitriptilini, na glibenklamidi ya sukari, ambayo huweza kushusha sukari usiku kucha. Zisikatishwe ghafla nyumbani bila kuonana na daktari, hasa diazepamu. Zipelekwe tu zikaangaliwe. Na chupa ya dripu inayoombwa na familia "ili apate nguvu" nayo ni dawa. Kwa moyo uliochoka, lita mbili za haraka hujaa kwenye mapafu.

Kuanguka

"Aliteleza" ni jibu ambalo halikubaliwi kwenye mafunzo. Mzee aliyeanguka hulala kitandani dakika 5, anapimwa presha, kisha anasimama na kupimwa tena dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, sababu moja imeonekana. Kisha anaambiwa ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Zikizidi sekunde 12, yumo hatarini kuanguka tena. Macho huangaliwa kama kuna mtoto wa jicho. Miguu na viatu pia, na kizingiti cha mlango.

Nyonga ikivunjika ni habari nyingine kabisa. Uingereza wamejiwekea lengo la saa 36 kutoka kufika hospitali hadi upasuaji, na daktari wa wazee humhudumia mgonjwa pamoja na daktari wa mifupa. Lengo hilo lipo kwa sababu kinachoua si mfupa. Ni kulala. Watu wenye afya nzuri wa umri mkubwa walipolazwa kitandani siku 10 tu katika utafiti mmoja, walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Ongeza vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda kwenye mishipa. Kwa hiyo ile imani kwamba mtu wa miaka 85 "hafai kupasuliwa" inampeleka kwenye hatari kubwa zaidi, ingawa inaonekana kama huruma. Kinachoamua ni akiba yake ya wiki mbili kabla. Na wiki tatu kwa fundi wa kuunga mifupa ni wiki tatu za kitandani.

Somo hili la kuwainua watu ni la zamani. Mwaka 1935 daktari Marjory Warren alikabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700 katika hospitali ya West Middlesex, London, wengi wao wakiwa wamelala miaka bila mtu kuuliza kwa nini. Alimpima kila mmoja, akawaainisha, akawaondoa kitandani, na wengi walirudi makwao. Mpaka leo idara ya wazee hufanya kazi kwa kikundi: daktari, muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia, mfamasia, afisa ustawi wa jamii, wote wakikaa na faili moja. Mwanafunzi hupimwa pia kwa jinsi anavyowasikiliza hao, na tathmini ya wenzake huingia kwenye daftari lake la mafunzo linalokaguliwa kila mwaka.

Huku kwetu wazee wengi hulazwa wodi ya magonjwa ya ndani pamoja na watu wazima wengine. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea wagonjwa wa ukanda mzima, na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo jijini humo inafundisha madaktari. Sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa haisubiri jengo jipya. Kupima presha mtu akiwa amesimama kunahitaji dakika tatu. Kutomwekea mpira wa mkojo mzee aliyejikojolea tu, bila sababu nyingine, hakugharimu chochote na huepusha maambukizi. Kumkalisha kwenye kiti wakati wa kula, kumrudishia miwani yake, kumwambia kila asubuhi ni siku gani na yuko wapi, hata ndugu anayemuuguza anaweza.

Na kwa familia, siku ya kumpeleka mzee hospitali: mfuko wa dawa zote, fimbo yake, viatu anavyovaa kila siku, na chakula alichokula kwa siku tatu kikiwa kimekumbukwa. Zaidi ya hivyo, aje yule anayelala naye nyumba moja. Mara nyingi anayekuja ni mwana aliyefika jana kutoka Dar es Salaam, mwenye gari na pesa ya vipimo, naye ni wa muhimu. Lakini akiulizwa mama alikuwaje wiki mbili zilizopita, anamgeukia mjukuu wa darasa la sita aliyebaki nje mlangoni. Mjukuu huyo aingie.